Malkia Aliyeketi Majanini: Uchambuzi wa Kisa cha Versailles, 1901

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1901, wanawake wawili wa Kiingereza walitoka katika kasri la Versailles wakashika njia kwa miguu kwenda Petit Trianon, jumba dogo lililo ndani ya bustani za kasri hilo, ambalo Mfalme Louis XVI wa Ufaransa alimpa mkewe Marie Antoinette mwaka 1774. Walipotea njia. Kabla ya kufika walikutana na watu kadhaa, wakauliza, wakaelekezwa. Miaka kumi baadaye walitoa kitabu wakishikilia kwamba watu wale hawakuwa wa zama zao. Walikuwa watu wa mwaka 1789, na bibi mmoja aliyekuwa ameketi majanini akichora picha alikuwa malkia Marie Antoinette mwenyewe, yule aliyekatwa kichwa mjini Paris mwezi Oktoba 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Madai ya watu kujikuta katika zama zisizo zao ni mengi, na mengi hayashikiki. Hayana tarehe, hayana mahali, shahidi ukimtafuta humpati. Kisa hiki kina vyote. Kina siku na njia inayoweza kutembewa, kina mashahidi wawili wasomi, na nyaraka zao zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Kwa hiyo hakistahili kuchekwa wala kumezwa kizima. Kinastahili kupekuliwa karatasi kwa karatasi, na mimi naamini karatasi hizo zinatosha kutupa jibu.

Tuanze na mashahidi. Charlotte Anne Moberly alikuwa na umri wa miaka 54, binti wa George Moberly aliyekuwa Askofu wa Salisbury. Tangu 1886 alikuwa mkuu wa kwanza wa St Hugh's, nyumba ya wanafunzi wa kike iliyofunguliwa Oxford kwa ajili ya wasichana wasio na fedha nyingi. Eleanor Jourdain alikuwa na miaka 37, binti wa kasisi, aliyesoma historia Oxford na kuendesha shule ya wasichana. Alikuwa pia na makazi Paris. Wakati huo Oxford ilikuwa haijaanza kuwapa wanawake shahada. Jambo hilo lilisubiri hadi 1920. Mwanamke aliyeongoza chuo pale aliishi chini ya macho ya watu waliongoja akosee. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani mabibi hawa walitunga kisa ili wapate sifa. Sifa ya namna hiyo ingewaangamiza, na kitabu chao cha 1911 walikitoa kwa majina ya kubuni, Elizabeth Morison na Frances Lamont.

Jambo la pili kuhusu mashahidi hawa naliona zito kuliko linavyochukuliwa kwa kawaida. Hawakuwa marafiki wa siku nyingi. Moberly alikuwa akitafuta msaidizi wa kumsaidia kuongoza St Hugh's, Jourdain alikuwa amependekezwa, na safari ya Paris ilikuwa nafasi ya kupimana kama wangeweza kufanya kazi pamoja. Mmoja alikuwa mwajiri mtarajiwa, mwenzake mwajiriwa mtarajiwa. Malkia Victoria alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo, Edward VII ndio kwanza ameshika kiti, na adabu za tabaka lao zilikuwa kali: mtu hamwambii mgeni wake kwamba roho yake imeingia giza katikati ya matembezi.

Sasa matembezi yenyewe, kama walivyoyasimulia. Walikwisha kulizunguka kasri kuu, hawakulipenda sana, wakaamua kwenda Trianon wakiwa na kitabu cha kuongoza watalii. Siku zilizotangulia zilikuwa za joto, lakini alasiri hiyo kulikuwa na upepo mzuri. Walipofika karibu na Grand Trianon walipita njia waliyopaswa kuifuata, wakaingia kijia kingine. Moberly aliona mwanamke akikung'uta kitambaa cheupe dirishani, akashangaa mwenzake, ajuaye Kifaransa vizuri, hasimami kuuliza. Jourdain naye aliona majengo ya shamba yaliyoachwa ovyo, na plau imelala hapo. Mbele wakawakuta wanaume wawili wenye makoti marefu ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, na kofia ndogo za pembe tatu. Kando yao palikuwa na toroli na sepetu. Wakawaambia waende mbele moja kwa moja.

Jourdain aliona kibanda, na mlangoni mwanamke na msichana, mwanamke akimpa msichana mtungi. Moberly hakukiona kibanda hicho. Hapo ndipo, kila mmoja kivyake na bila kusema, walipoanza kuhisi uzito moyoni. Moberly anaeleza kwamba miti ilipoteza uhai ikawa bapa kama iliyofumwa katika pazia, hapakuwa na kivuli wala mwanga, na upepo ulikatika. Wakafika penye kibanda cha mviringo chenye nguzo. Mwanamume aliyevaa joho na kofia pana alikuwa ameketi, uso wake mweusimweusi una makovu ya ndui, na alipowageukia waliogopa kumpita. Mara wakasikia hatua za mtu anakimbia. Akatokea kijana mrefu mwenye nywele nyeusi za mawimbi, uso umemwiva, akawaambia kwa haraka na kwa Kifaransa chenye lafudhi ya ajabu wasipite njia ile, waende kuliani wakatafute nyumba. Wakafuata, wakavuka daraja dogo juu ya kibonde chenye maji membamba yaendayo kwa kasi, wakatokea kwenye majani mbele ya jumba.

Pale majanini, karibu na baraza, Moberly alimwona bibi ameketi na karatasi mkononi kama anayechora miti. Alikuwa na kofia pana nyeupe, nywele za dhahabu, gauni jepesi la kiangazi na mtandio wa kijani hafifu mabegani. Akawatazama. Uso haukuwa wa msichana tena, ingawa ulikuwa mzuri, nao haukumvutia Moberly. Jourdain alipita hapo hapo asimwone mtu. Kisha kijana mmoja akatoka katika mlango wa jengo la pembeni, akaubamiza, akawaonyesha lango la kuingilia. Ndani wakakuta kundi la Wafaransa wa harusi wakizungushwa vyumbani, wakajiunga nalo, na ule uzito ukawatoka. Wakaenda kunywa chai hotelini, wakarudi Paris.

Naomba msomaji ashike jambo moja hapa. Moberly mwenyewe aliandika kwamba alipomwona bibi yule alimdhania mtalii, tena akaona mavazi yake ni ya mtindo wa zamani kidogo. Alasiri ile, mbele ya macho yake, hapakuwa na malkia. Palikuwa na mtalii.

Kwa juma zima hawakuzungumzia habari hiyo. Moberly alipokuwa akiandika barua ya kueleza safari, hisia ile ikamrudia, akamgeukia Jourdain akamuuliza kama anadhani Petit Trianon ina mizimu. Jourdain akasema ndiyo. Wengi hulisoma jibu hili kama uthibitisho wa shahidi wa pili. Mimi nalisoma kwa tahadhari zaidi. Aliyeuliza ni bosi wa kesho, na swali lilikuja na jibu lake ndani. Angeuliza, "Uliona nini?" tungekuwa na ushahidi wa aina nyingine kabisa. Hapo mizimu iliingia katika habari kabla hata mmoja wao hajaandika kwa mpangilio kile alichokiona.

Mwezi Novemba Jourdain alikwenda kukaa na Moberly Oxford. Katika mazungumzo Moberly akamtaja bibi aliyekuwa akichora, Jourdain akastaajabu: bibi gani? Wakakubaliana kila mtu aandike maelezo yake bila kumwonyesha mwenzake. Hilo ni jambo la busara sana, na nawavulia kofia. Ila walikwisha kuzungumza. Na miezi mitatu ilikwisha kupita.

Kuanzia hapo wasomi wawili hawa walifanya kazi ambayo watafiti wengi wangejivunia. Jourdain alirudi Trianon tarehe 2 Januari 1902, siku ya baridi na mvua, akahisi tena hali ile, akaona watu wakipakia fito katika mkokoteni, akasikia muziki wa mbali wa vinanda ambao baadaye aliuandika kwa noti na kuufananisha na tungo za miaka ya 1780. Julai 1904 walikwenda pamoja, na hapakuwa na kitu. Kijia hakipo, daraja halipo, kibanda hakipo, na bustani imejaa watu. Badala ya kujiuliza kama kumbukumbu imewahadaa, waliona kwamba ardhi ndiyo iliyobadilika. Wakaingia katika hifadhi za nyaraka za Ufaransa.

Walichokipata huko kinasisimua, sikatai. Walipata habari za ramani ya bustani iliyotokana na Richard Mique, mchoraji majengo wa malkia, aliyeuawa kwa mashine ya kukata vichwa mwaka 1794. Ramani hiyo ilikuwa imefichwa katika dohani la nyumba moja ikaonekana 1903, na ndani yake wakaona daraja lao. Walipata habari za plau ya kale iliyokuwa Trianon enzi za mfalme. Katika hesabu za Madame Éloffe, mshonaji wa malkia, wakakuta nguo za hariri ya kijani za mwaka 1789. Moberly akaona mchoro wa Marie Antoinette uliofanywa na Wertmüller, msanii kutoka Sweden, akasema uso ule ndio aliouona. Wanaume wa makoti wakawa walinzi wa bustani wa ukoo wa Bersy. Mwenye makovu ya ndui akawa Mkabaila Vaudreuil, rafiki wa malkia, mzaliwa wa Saint-Domingue (Haiti ya leo), aliyecheza naye mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa Trianon mwaka 1785. Kijana aliyekimbia akawa tarishi wa tarehe 5 Oktoba 1789, aliyeleta habari kwamba wanawake wa masoko ya Paris wako njiani kuja Versailles, na kumsihi malkia arudi kasrini.

Siku hiyo ya Oktoba ni ya kweli na ni nzito. Maelfu ya wanawake walitembea kilomita zipatazo ishirini katika mvua kudai mkate, na kesho yake familia ya kifalme ilipelekwa Paris isirudi tena. Mtu akiyajua hayo, halafu akumbuke kijana mwenye uso uliomwiva akimwambia kwa haraka asipite huku, si ajabu nywele zikamsimama.

Na nadharia yao ya mwisho ilikuwa na ustadi wa kipekee. Hawakusema tu kwamba walirudi nyuma miaka 112. Jourdain alikuwa amegundua kwamba tarehe 10 Agosti ni siku ambayo, mwaka 1792, watu walivamia kasri la Tuileries, na familia ya mfalme ikakimbilia ukumbi wa Bunge na kuzuiliwa humo katika chumba kidogo chenye joto. Mabibi wakawaza kwamba malkia, akiwa ameketi pale anasikia walinzi wake wanauawa, alirudi kwa mawazo katika bustani aliyoipenda na saa zake za mwisho ndani yake, na kwamba wao, miaka mingi baadaye katika tarehe hiyo hiyo, waliingia ndani ya kumbukumbu ile. Hawakusafiri katika wakati, bali katika moyo wa mtu anayekumbuka. Kama fikra, hii ni nzuri kupita hadithi nyingi za mashine za kuvuka zama.

Kama maelezo ya ushahidi, ni hatari. Tazama jinsi inavyofanya kazi. Vaudreuil hangeweza kuwa Trianon Oktoba 1789, kwa kuwa aliikimbia Ufaransa Julai ya mwaka huo, siku chache baada ya gereza la Bastille kuangushwa. Kwa msafiri wa kawaida wa zama, huo ungekuwa mwisho wa dai. Lakini kama ni kumbukumbu ya malkia, basi malkia anaweza kumkumbuka rafiki yake popote. Bibi amevaa nguo za kiangazi ilhali habari ni za Oktoba yenye mvua? Kumbukumbu. Mmoja ameona kibanda na mwenzake hakukiona? Nayo ni kumbukumbu. Nadharia isiyoweza kukataliwa na ukweli wowote haiwezi pia kuthibitishwa na wowote. Na hata kiini cha siku yenyewe, yule tarishi na maneno yake bustanini, kwa sehemu kubwa walikitoa katika visa vya Trianon vya Julie Lavergne, mwandishi wa karne ya 19 aliyepamba masimulizi ya wazee. Walikuwa wakithibitisha ndoto kwa hadithi.

Lakini pigo kubwa liko katika karatasi zao wenyewe, na hapa ndipo nataka kukaa. Kuna maelezo ya aina mbili. Yapo mafupi, ya mwishoni mwa Novemba 1901. Kisha yapo marefu, yenye rangi na vitu vingi zaidi, ambayo walisema waliyaandika karibu na wakati huo huo kwa ajili ya watu wasioijua habari. Kitabu cha 1911 kiliyaweka mbele yale marefu. Mwaka 1950, W. H. Salter, wa jumuiya ya Kiingereza iliyoanzishwa 1882 kuchunguza habari za mizimu na mambo ya aina hiyo, alipitia hati na barua za zama zile akaonyesha kwamba maelezo marefu hayakuwa ya 1901. Yaliandikwa baadaye, utafiti ukiwa umeshaanza.

Hilo linapindua kisa chote. Nguvu ya dai lao ilikuwa hii: tuliona kwanza, tukathibitisha baadaye. Kama maelezo yenye vitu vingi yalikuja baada ya wao kuanza kusoma ramani, hesabu za mshonaji na visa vya Trianon, basi hatujui tena kipi kilitoka machoni na kipi kilitoka maktabani. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kumbukumbu inayosemwa kila wiki kwa miaka tisa, mbele ya mtu mmoja anayeiamini, hujiongezea yenyewe kile kinachokosekana. Sisemi walidanganya. Naamini kabisa kwamba kufikia 1911 Moberly alikuwa akiuona uso wa Wertmüller kila alipofumba macho na kumfikiria bibi yule.

Wenzao waliona mapema. Mwaka 1902 jumuiya ile ile ilipelekewa maelezo ikaona hayatoshi kuchunguzwa. Kitabu kilipotoka, jarida lake lilitoa uhakiki unaohusishwa na Eleanor Sidgwick, ambaye mpaka 1910 alikuwa mkuu wa chuo cha wanawake cha Newnham, Cambridge. Jawabu lake lilikuwa la kawaida na la haki: waliona watu halisi na mahali halisi, wakapotea, na kumbukumbu ikafanya iliyobaki. J. R. Sturge-Whiting, ambaye kitabu chake kilitoka 1938, alizitembea njia hizo akaridhika kwamba walipita katika vitu ambavyo bado vipo. Bustani ya Trianon ina kibanda cha mawe cha Belvédère kando ya jabali la kuchongwa, ina maji, ina madaraja, ina vijia vinavyopindapinda kwa makusudi, kwa sababu ilipandwa kwa mtindo uliotaka mgeni asijue kona inayofuata ina nini. Mtu akiipitia mara moja, amechoka, hana hakika na njia, kisha airudie baada ya miaka mitatu na kuikuta imejaa watu, hawezi kuapa kwamba daraja fulani halikuwepo.

Lipo jibu jingine lililopendwa sana. Mwaka 1965 Philippe Jullian, akiandika maisha ya mshairi Robert de Montesquiou, alidokeza kwamba huenda mabibi waliingia katikati ya tafrija ya marafiki wa mshairi huyo waliovaa mavazi ya kale. Joan Evans, aliyerithi haki ya kitabu, alilikubali, na 1976 akatangaza kwamba hataruhusu kichapishwe tena kwa Kiingereza. Mimi silihitaji. Ni dhana tu, na inabeba kosa lile lile la mabibi: inachukua yale mavazi kuwa jambo lililothibitishwa, kisha inatafuta watu wa kuyavaa.

Wapo pia wanaomshambulia Moberly kwa mambo mengine, kama lile la 1914 ambapo alisema alimwona Mfalme Konstantino wa Roma akitembea ndani ya jumba la makumbusho la Louvre. Linatueleza tabia yake, na ni haki kulitaja, lakini haliamui kilichotokea 1901. Jourdain, ambaye alipata udaktari Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1904 kwa utafiti juu ya Dante, mshairi wa kale wa Italia, aliamini vilevile bila kuwa na sifa ya kuona wafalme.

Linalobaki bila maelezo ya kuridhisha ni ule uzito. Wote wawili waliuandika, nao umo hata katika maelezo ya mwanzo. Uchovu, mawingu, wasiwasi wa kupotea katika nchi ya kigeni ukiwa na mtu unayetaka akuone hodari. Hayo yanaweza kuujenga, na mimi ndivyo ninavyoona. Lakini huo ndio sehemu ya kweli ya kisa, iliyotokea mchana ule na si maktabani, na inasikitisha kwamba ndiyo waliyoichunguza kidogo kuliko zote. Miaka tisa walimsaka malkia, hawakuwasaka wale watu wa 1901: watunza bustani waliokuwa zamu siku ile, familia ya harusi, yule kijana wa mlangoni. Wangeweza kuwapata. Walikuwa hai.

Jourdain alifariki ghafla mwaka 1924 akiwa mkuu wa St Hugh's, Moberly 1937. Majina yao ya kweli yaliwekwa kitabuni katika toleo la 1931. Anayetaka kuwahukumu kwa haki aanze na maelezo mafupi ya Novemba 1901. Ayasome bila ramani ya Mique wala mchoro wa Wertmüller pembeni, aorodheshe yaliyomo, ndipo afungue yale marefu na kutia alama kila kitu kilichoongezeka.